Nzohe wa Kibondo na Nzohe wa Rubondo

Ndugu msomaji, mtu wa mjini anapotajiwa safari ya kutazama wanyama, fikira zake hukimbilia Serengeti au Ngorongoro. Humwona simba amelala juani, na magari kumi yamemzunguka. Leo nakuomba uelekeze uso wako upande mwingine wa nchi yetu, magharibi ya mbali, kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma. Kutoka huko tutapanda kaskazini hadi kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria. Njiani tutamfuata mnyama mmoja tu, ambaye pengine hujapata kumsikia. Jina lake ni nzohe.

Nzohe ni wa ukoo wa pongo na tandala, lakini maisha yake ni ya majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, kiasi kwamba aweza kupita juu ya matope na matete yaliyolala bila ya kuzama. Dume ana pembe zilizojisokota na manyoya marefu ya rangi ya kahawia iliyokolea. Jike ni mwekundu, mwenye mistari na madoa meupe. Mnyama huyu anaishi kwetu Kibondo, na anaishi pia katika kisiwa cha Rubondo. Ni nzohe yule yule, lakini ukiwaona wa kwetu na wa kule, utadhani ni wanyama wawili tofauti.

KUTOKA KASULU

Tuanzie Kasulu, nchi ya vilima na hewa baridi. Asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa bakulini, na migomba hutokeza juu yake vichwa tu. Sokoni utakuta maharage ya kila rangi, mihogo, mawese, na migebuka iliyopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika. Waha, wenyeji wa nchi hii, wana salamu ndefu inayosindikizwa na makofi ya taratibu. Mgeni mwenye haraka hupata taabu hapa. Lakini nakushauri uizoee salamu hiyo, kwa kuwa atakayekwenda kumtazama nzohe hana budi kwanza kujifunza kutokuwa na haraka.

Ukitoka Kasulu kwenda Kibondo utavuka mto Malagarasi. Mto huu una tabia ya ajabu. Chimbuko lake ni milima ya mpakani mwa Burundi, mahali pasipo mbali sana na Ziwa Tanganyika. Lakini badala ya kushuka moja kwa moja ziwani, hukata kona kubwa kuelekea mashariki, ukajimwaga katika mabwawa mapana, kisha ndipo hugeuka magharibi na kufika ziwani kusini ya Ujiji. Ni kama mtu aliyetumwa duka la jirani akapitia kwanza kwa ndugu zake wote.

Katika mabwawa hayo Malagarasi hukutana na mto Moyowosi unaotoka upande wa Kibondo. Maji yao yaliyotuama, pamoja na maziwa ya Sagara na Nyamagoma, mbuga za majani na misitu ya miyombo inayoyazunguka, ndiyo eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa, mwaka 2000, chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu za dunia. Ukubwa wake ni hekta milioni 3.25. Ukitaka kuelewa maana ya hesabu hiyo, fahamu kwamba nchi nzima ya Burundi ni ndogo kuliko eneo hilo.

Usidhani kwamba pori hilo limekuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Kibondo na Kasulu na kuwakusanya katika makazi mapya. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori, na mbung'o wakawa ndio wenyeji. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamia katika vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Kisha wakaja wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, kwa maelfu, mara kwa mara. Kambi ya Nyarugusu huko Kasulu imekuwapo tangu 1996. Basi nchi hii imeona watu wakihamishwa na watu wakikimbia. Wanyama wake nao wamejifunza kukimbia.

PUA JUU YA MAJI

Moyowosi ni pori la akiba. Huingii bila ya kibali na bila ya askari wa wanyamapori. Nilipoingia ilikuwa kiangazi, maji yamepungua. Tulikuwa watatu katika mtumbwi: askari, mimi na kamera yangu, na mzee mmoja wa Kibondo aliyeshika upondo. Mzee huyo alizaliwa ukingoni mwa mabwawa, na aliniambia bila ya kuficha kwamba baba zake walikuwa wakimwinda nzohe kwa mbwa na mikuki.

Mafunjo yalisimama pande zote mbili, marefu kuliko mtu. Sehemu nyingine yamefungamana yakawa visiwa vinavyoelea. Upepo ukivuma, kisiwa huhama, na njia uliyopita asubuhi waweza usiikute jioni. Tulikaa saa nyingi. Niliwaona mnandi wakianika mbawa zao, na kiboko mmoja aliyetufanya tugeuze mtumbwi kwa adabu. Nzohe sikumwona.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya chini, "huyu mnyama yupo kweli?"

"Yupo, mwanangu. Amekuona tangu asubuhi," akajibu. "Kosa lako unatafuta mnyama. Wewe tafuta pua."

Akanyoosha kidole. Mbele yetu, penye kivuli cha mafunjo, palikuwa na kitu kidogo cheusi juu ya maji, mfano wa kipande cha gome. Ilikuwa ni pua. Nzohe akiona hatari huingia majini na kujizamisha mwili mzima, akaacha matundu ya pua tu ili apate kuvuta hewa. Huweza kukaa hivyo muda mrefu, ametulia, mpaka adui achoke na kwenda zake.

Nilipiga picha. Ninayo mpaka leo: maji, mafunjo, na doa jeusi. Nikiwaonyesha wageni nyumbani, huuliza kamera yangu ilikuwa na kasoro gani.

Siku hiyo hiyo, jua likielekea kutua, tulimwona kwa mbali ndege ambaye wataalamu wa dunia nzima hutamani kumwona: korongo-nyangumi. Ni ndege wa kijivu, kimo chake kinapita mita moja, na mdomo wake ni mpana kama kiatu cha zamani cha mbao. Husimama bila ya kutikisika akingoja kamongo au kambale atokeze, kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni. Nilitaka tumsogelee. Mzee akauchomeka upondo matopeni na kukataa katakata. Alisema ndege huyu hujenga kiota juu ya majani yanayoelea, na aghalabu hulea kinda mmoja tu. Akifukuzwa kiotani wakati wa jua kali, mayai huharibika. "Picha yako moja," akasema, "na kinda wake mmoja. Kipi kizito?" Sikuwa na jibu, tukarudi.

KUELEKEA KASKAZINI

Kutoka Kibondo barabara hupanda kaskazini kupitia Kakonko hadi njia panda ya Nyakanazi. Pande zote ni miyombo, na juu ya miti utaona mizinga ya nyuki imetundikwa, kwa maana Kibondo na Kakonko ni nchi ya asali. Baada ya Nyakanazi utafika Biharamulo, kisha Chato, na hapo harufu ya ziwa huanza kukupokea. Katika pwani ya Muganza hupandwa mashua, na baada ya muda si mrefu kisiwa cha Rubondo hutokeza, kijani kibichi, msitu wake umeshuka mpaka majini.

Rubondo pamoja na visiwa vidogo na maji yanayokizunguka ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Eneo lote ni kilomita za mraba zipatazo 457, na nchi kavu ni kama nusu yake. Kabla ya hapo, tangu 1965, kilikuwa pori la akiba. Hakuna kijiji ndani yake. Hakuna simba wala chui. Wavuvi hawaruhusiwi kutega nyavu katika maji yake, na kwa hiyo samaki huzaliana humo kwa amani.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya jua. Furukombe alikuwa akilia juu ya mti uliokauka, na fisi maji wawili walikuwa wakicheza penye miamba. Nikaenda na askari wa hifadhi kando ya kinamasi, nikiwa nimejiandaa kutafuta pua.

Nzohe alikuwa amesimama njiani.

Dume mzima, manyoya yake yamelowa umande, amesimama kwa miguu yake minne mahali pakavu, ukingoni mwa msitu. Alitutazama. Akang'ata jani, akalitafuna. Akatutazama tena, kisha akaingia msituni kwa hatua za mtu anayekwenda shambani kwake. Nilisahau kupiga picha mpaka alipokuwa amekwisha geuka.

"Usijali, ndugu," askari akaniambia. "Wapo wengine."

Na kweli walikuwapo. Rubondo ni miongoni mwa mahali pachache mno ambapo nzohe hutoka kinamasini na kutembea msituni mchana kweupe. Sababu yake si fumbo. Hakuna simba wa kumvizia wala chui wa kumrukia, na kwa miaka mingi mtu amemtazama bila ya kumpiga. Mamba wangalipo majini, lakini nchi kavu ameiona kuwa ni salama. Mwili wake ni ule ule, na kwato zake ni zile zile za kupita topeni. Kilichopungua ni hofu.

Hapo ndipo nilipoielewa ile picha yangu ya Moyowosi. Kamera haikuwa na kasoro. Ilikuwa imepiga picha ya hofu, na picha ilitoka vizuri.

WALIOLETWA KWA MELI

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusifanye haraka kusema kwamba mnyama asiyemwogopa mtu ndiye mwenye heri. Kisiwa hicho hicho kina kisa kingine.

Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa Rubondo kutoka Ulaya. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule aliyefanya mengi kwa ajili ya Serengeti. Sokwe hao walikuwa wamekamatwa wangali wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakauzwa, wakaishi katika mabustani ya wanyama na wengine katika sarakasi. Hawakumwogopa mtu hata kidogo, maana walikwisha mzoea kizimbani. Wakawa hatari. Wapo waliowashambulia watu, na madume wawili wakapigwa risasi.

Waliobaki walijifunza wenyewe kujenga vitanda mitini na kutafuta matunda ya porini. Wakazaa; na watoto wao, ambao hawakupata kujua kizimba, wakawa wanamkimbia mtu. Leo wamezidi sana hesabu ile ya mwanzo. Imewachukua askari na watafiti miaka mingi ya kuwafuata kwa subira ili baadhi yao wakubali kutazamwa.

Sisi wa Kigoma tunalijua jambo hilo. Jane Goodall alipofika Gombe mwezi wa Julai 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi kadhaa, naye akakaa juu ya kilima na kuwatazama kwa darubini. Mpiga picha Hugo van Lawick alipokuja mwaka 1962, alikuta mlango umekwisha funguliwa na subira ya mwingine. Picha zilizoijulisha Gombe duniani zilitokana na uvumilivu huo kabla ya kutokana na lenzi. Kuzoeana nako kuna gharama yake: sokwe huambukizwa mafua na maradhi mengine ya watu. Ndiyo maana mtazamaji hutakiwa kukaa mbali nao kwa mita kadhaa, na mgonjwa haruhusiwi kabisa kuwakaribia.

Kisa cha tatu ni cha huzuni. Kati ya 1963 na 1965 faru weusi 16 waliletwa Rubondo ili wapate usalama. Ilidhaniwa kwamba maji ni ukuta wa kutosha. Lakini jangili naye ana mtumbwi. Faru wale waliuawa mpaka wakaisha. Ukikaa ufukweni jioni ukayatazama maji yalivyotulia, utafahamu kwamba kisiwa hakilindwi na maji. Watu ndio wanaokilinda, au ndio wanaokiacha.

KAMA UTAKWENDA NA KAMERA

Huenda wewe ni mfanyakazi wa kiwanda Mwanza, au mwalimu wa Tabora, na likizo yako i karibu. Yafaa nikupe machache niliyojifunza, maana yanawafaa hata watoto wanaopiga picha kwa simu ya mkononi.

Toka alfajiri, au ngoja alasiri; jua la saa sita hufanya manyoya yaonekane kama karatasi. Kaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako, asije akakunusa kabla hujamwona. Vaa nguo za rangi ya udongo au majani makavu, na uepuke buluu na nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o. Zima taa ya kamera. Usipige mluzi wala kurusha jiwe ili mnyama ageuze uso. Akiacha kula na kukukazia macho, umekwisha fika mbali kuliko inavyofaa. Rudi hatua mbili. Na ukimkuta ndege kiotani, mwache. Picha nzuri ni ile ambayo mnyama, baada ya kupigwa, ameendelea na kazi yake.

KURUDI KIBONDO

Wakati wa kurudi nilipitia Kibondo makusudi, nikamtafuta yule mzee wa upondo. Nilimkuta nyumbani kwake, jioni, amekaa na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama minane. Baada ya salamu, ambayo sikuifupisha, nikampa picha ya nzohe wa Rubondo.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza penye mwanga, akaiangalia kwa muda mrefu, hasa miguu.

"Huyu," akauliza, "mmemfunga?"

"Hapana, mzee. Hakufungwa."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Alikuwa anakula majani."

Akanyamaza. Mjukuu wake akasogea, akachungulia chini ya mkono wa babu yake, akauliza huyo ni mnyama gani. Huyo mtoto alizaliwa ukingoni mwa mabwawa ya Moyowosi, mahali ambapo nzohe huishi, wala hakumjua kwa sura.

"Ni nzohe," mzee akamwambia. Kisha, kama anayejisemea mwenyewe, akaongeza: "Mimi nimemjua miaka yote hii. Sikujua kama anaweza kusimama akamtazama mtu."

Hakunirudishia picha, nami sikuidai.

Ndugu msomaji, mabwawa ya Moyowosi hayawezi kuwa kisiwa. Yamezungukwa na watu wenye haja za haki: mashamba, maji, malisho, kuni, samaki. Kila kiangazi moto huingia, ng'ombe huingia, na mitego huingia. Hatuwezi kuyazungushia ziwa. Lakini tumeona kwamba hata huko Rubondo ulinzi haukutoka kwa ziwa. Ulitoka kwa watu walioamua kumtazama mnyama bila ya kumpiga, mwaka baada ya mwaka, mpaka naye akaamini. Nzohe wa Rubondo alihitaji muda mrefu kuinua kichwa chake majini. Wa Kibondo bado ametoa pua tu, anasikiliza tutaamua nini.

Siku utakapofika huko na familia yako, waonyeshe watoto pua hiyo, na uwaambie kwamba chini yake yupo mnyama mzima.